Kibiti: jinsi cursor ilivyopeleka pilau ya maulidi kwenye ripoti ya mikoko

Wakuu, habari za mchana.

Nimepita jukwaa la tech nikakuta vijana mnalia. Ukiwa kwenye X, ule mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, dirisha linajipa focus lenyewe, ukihamia Wayland, ule mpya, cursor inapotea. Poleni sana, mnateseka huku mna intaneti mfukoni.

Nawapa kisa changu, chumvi sijatia. Mwenye haraka apite.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, soko huria limepamba moto, mitumba na redio kaseti zinamwagika kila gulio. Sisi Kibiti tukaletewa na mradi wa mikoko. Mzungu wa mradi alituachia kompyuta mbili, moja ya Windows, nyingine ya Unix yenye X, akapanda ndege na maelezo yote kichwani mwake. Tunamshukuru.

Fundi nilikuwa mimi. Nilikuwa na cheti cha Dar, yaani nilijua kuwasha, kuzima na kukunja uso.

Mchapaji wetu alikuwa Bi Zuhura, mama wa Mohoro. Siku moja ripoti yake ikafika kwa wafadhili ikisema miche ya mikoko Nyamisati imeshika vizuri na italiwa na pilau baada ya kisomo.

Bosi ndiye aliyempa achape na ratiba ya maulidi ya nyumbani kwake. Kwenye kompyuta ya mradi, kwa manufaa ya mikoko bila shaka. Madirisha mawili yalikuwa wazi pamoja, na maneno ya huku yakaenda kule.

Wafadhili wakauliza. Bosi akawaka.

"Zuhura, ripoti ya Ijumaa ikiharibika tena, rudi kwenu Mohoro ukalime mpunga!"

Bi Zuhura alinifuata analia. "Mwanangu, mie nimeanza kuchapa wewe hujazaliwa. Naandika huku, herufi zaenda kule. Wallahi sijagusa kitu."

Kwa mshahara ule alikuwa analea watoto wa marehemu dada yake. Iliniuma kweli.

Nikaanza ufundi. Nikazima, nikawasha. Nikafungua mouse, nikasafisha kile kigololi cha tumboni kinachosogeza mshale. Nikatangaza kwamba ni kirusi, maana fundi akikwama lazima aseme kirusi.

Cha ajabu, akichapa kwenye Windows, safi. Akirudi kwenye X, pilau.

Mwisho nikakaa nyuma yake nikamwangalia tu anavyochapa. Feni ya mezani ikageukia upande wetu. Kitambaa cha meza kikapepea chini ya mouse, kigololi kikazunguka, cursor ikateleza mpaka dirisha la pili. Herufi zikaifuata.

Kumbe X ile ilipangwa focus iende na cursor: dirisha lenye mshale ndilo linalopokea maneno, hata kama hujabofya. Windows inasubiri ubofye. Kwa hiyo cursor ilikuwa inaruka kwenye mashine zote mbili, ila X ndiyo iliyokuwa inaitii.

Mbaya wetu alikuwa kitambaa. Sasa kitambaa chenyewe kilifumwa na mke wa bosi, maua ya waridi pembeni, na bosi alikitandika kwa mikono yake akisema meza za ofisi zisikae uchi. Nani angekitoa?

Nikamwita bosi. "Mzee, hebu chapa mwenyewe kidogo."

Akachapa jina lake na cheo chake, kwa kidole kimoja. Feni ikageuka. Cheo kikatua katikati ya pilau.

Akatazama kitambaa, akatazama feni, akamtazama Bi Zuhura.

"Ondoeni hiyo feni," akasema.

Ikaondolewa, ikahamia ofisini kwake. Nami nikabadilisha mipangilio ya X ili focus isubiri kubofya. Tatizo likaisha kabisa, ila feni haikurudi.

Ripoti ya Ijumaa ilikwenda ikiwa mikoko mitupu, na Bi Zuhura akabaki kazini. Tuliloa jasho mpaka mradi unafungwa. Kila nikipita mezani kwake namkuta anafuta uso kwa pindo la kitambaa kile kile, taratibu, anahakikisha jasho limeingia vizuri kwenye waridi.

Nilichojifunza: kabla hujamfukuza mtu kazi, angalia kwanza focus iko dirisha gani. Halafu uliza kitambaa ni cha nani.

Haya, wewe mwenye Wayland, hebu tuambie kwanza: mouse yako umeiweka juu ya nini?