Simba wa Babu Masanja

Jamani, leo nimeuaibisha ukoo wetu.

Baba mkubwa huwa anatutambia kwamba babu yake, Masanja, aliua simba kwa mkuki. Hadi fulana za mkutano wa ukoo zimechapwa picha ya simba!

Leo nimepekua mafaili ya baraza la zamani hapa Bariadi. Nikamkuta Masanja huyohuyo, ameshtakiwa kwa kutelekeza ng'ombe wa jirani porini. Utetezi wake:

"Nilipanda mti. Simba alikuwa mkubwa."

Basi!

Nilicheka mpaka mtunza mafaili akanikazia macho.

Nikampigia baba mkubwa, nikamsomea.

"Sasa angebaki chini," akasema, "wewe ungezaliwa na nani?"

Nanyi mnaotamba na mababu zenu humu, mafaili yao mmeshayasoma?