Saa Tano za Mzee Sponji

Mzee Sponji, fundi wa makochi anayepakana na duka langu la vitambaa, ni mbishi wa kuzaliwa. Ukimwambia kitambaa ni cha kijani, atasema hiyo ni bluu iliyochoka. Misumari huibana midomoni akiwa kazini, na hata hivyo anabishana. Mkewe alifariki mapema, akamlea binti yao peke yake, palepale karakanani kati ya mbao na sponji, mpaka binti akapata kazi ya uuguzi ng'ambo.

Tangu siku hiyo mzee aliweka kinyongo, nacho kilianzia kwenye tiketi ya binti. Aliisoma kwa macho yake mwenyewe: ndege inaondoka saa nne asubuhi, inafika saa tisa alasiri. Kwa hesabu yake, safari ni saa tano. Basi la kutoka kwa dada yake linachukua kutwa nzima, na dada huyo huja kila mwaka.

"Binti yangu yuko karibu kuliko shangazi yake," alikuwa akiniambia, huku akivuta kitambaa kwa hasira. "Miaka sita hajaja hata kunywa chai!"

Alijua fika kwamba huku kukiwa usiku, kwa binti bado ni mchana. Ila kulihusisha jambo hilo na saa za kwenye tiketi, wapi! Binti akipiga simu, mzee humjibu kwa mkato, kisha anashinda siku nzima amenuna na kunipigia kelele mimi.

Juzi alikuja mama mmoja anayefanya kazi ofisi ya tiketi za ndege, kuchukua kiti chake. Mzee akaanza lawama zake za kila siku. Yule mama akacheka.

"Saa tano gani, baba? Hiyo saa tisa ni ya kwao. Wenzetu wako nyuma saa nane. Mwanao alikaa hewani saa kumi na tatu."

Nikajiandaa kusikia ubishi. Mzee akatema misumari kiganjani, akaketi kwenye kochi ambalo bado lilikuwa mbao tupu. Mteja alipoondoka, nikamsogelea.

"Si ufurahi, mzee wangu? Kumbe mtoto hajakudharau. Ni mbali tu."

"Nifurahie nini?" alinijibu. "Nilikuwa na mtoto mkaidi, lakini yuko hapo jirani. Nikimkasirikia, najua siku akijirudi, asubuhi ataondoka na alasiri ataingia hapa. Sasa huyo wa karibu sina tena."

Alichukua simu, akampigia binti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Siku zote alisubiri apigiwe. Binti alipopokea, mzee alinyamaza muda mrefu, hata mimi nikaisikia sauti ya binti ikihangaika.

"Baba? Baba, kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Nakukumbuka tu."

Nikamsikia yule muuguzi mzima akilia kama mtoto. Mzee naye machozi yalimtoka, wala hakujificha.

"Usijilazimishe," alimwambia. "Ni mbali, nimeshaambiwa. Lakini njoo, mwanangu. Njoo."