Kiti cha Uvivu cha Kwenda Mafia

Juzi Ruangwa, penye lori la Lindi, nilimkuta fundi cherehani anayehamia kisiwani Mafia na mkewe. Karani wa mizigo aliwaambia lori limejaa, basi wachague kimoja: kinu au kiti cha uvivu.

"Mama watoto, huko nitapokea wageni nimesimama?" mume alilalamika, amekikumbatia kiti.

"Kwani watakula kiti?" mke alijibu, amekalia kinu alichopewa na kungwi wake.

Karani akaamua: "Pakieni kinu. Mafia viti vimejaa tele." Bahari yenyewe hajawahi kuiona.

Jana nimerudi kuulizia mzigo wangu. Zamani karani huyo alikuwa akitusikiliza amesimama. Sasa anatujibu amejilaza, macho darini: "Njooni kesho."