Pipa Lililokosa Povu

Kabla hajawa mkulima wa mboga, Fundi alikuwa anatengeneza saa. Alikaa miaka ishirini na sita kwenye kibanda cha dirisha moja pembeni mwa soko, kioo cha kukuzia kimebanwa kwenye jicho la kulia, na jicho hilo mpaka leo ni dogo kidogo kuliko mwenzake. Mteja alipoleta saa na kueleza jinsi ilivyoanza kusimama, Fundi alimwitikia kwa adabu, "Ehee, ehee," halafu akaifungua saa kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Maneno ya wateja hakuyaamini hata siku moja. Aliyemwambia saa haikuanguka alionyeshwa mahali ilipogonga.

Simu za mkononi zilipomnyang'anya kazi, alifunga kibanda, akanunua ng'ombe mmoja wa maziwa na kuhamia kwenye kishamba cha nyuma ya nyumba. Kusema kweli kishamba kilikuwa cha mkewe. Mkewe ndiye aliyelima nyanya, mchicha na bamia miaka yote ile mume akichungulia matumbo ya saa, na mkewe ndiye aliyejua kutengeneza mbolea ya pipa, aliyofundishwa na shangazi yake; kabla ya kuwa na ng'ombe wao alitembeza ndoo kwa majirani kuomba kinyesi.

Mbolea yenyewe haikuwa na maajabu. Pipa la plastiki la lita mia mbili. Ndoo ya kinyesi kibichi cha ng'ombe, ndoo ya mkojo wake, sukari guru iliyopondwa, unga wa kunde, na viganja viwili vya udongo kutoka chini ya ua wa miti, pale ambapo jembe halijawahi kupita. Juu yake maji. Pipa hufunikwa kwa gunia ili lipate hewa, na hukorogwa asubuhi na jioni kwa mwiko mrefu, upande mmoja tu, usije ukageuza mkono katikati. Siku ya tatu povu hupanda mpaka mdomoni na ile harufu ya zizi inageuka, inakuwa kama ya uji uliochachuka. Siku ya tano iko tayari: kopo moja kwa makopo kumi ya maji, kwenye shina, jua likishapoa.

Walipoanza kufanya kazi pamoja waligawana. Fundi alijaza pipa, kwa sababu alitaka vipimo viwe sawasawa, na alichonga mfereji mdogo kwenye sakafu ya banda ili mkojo uende wenyewe kwenye ndoo. Mkewe alikoroga. Mizunguko mia asubuhi, mia jioni, akihesabu kwa sauti ndogo, na mwiko ukigonga ukuta wa pipa kila mzunguko kwa mwendo ambao mtu wa saa hakuweza kuutia dosari. Fundi alikuwa akiusikia akiwa bado kitandani na kujisikia vizuri. Hakuwahi kumwambia. Aliona mtu hasifiwi kwa kutokosea, na huo ndio ujinga wake wa kwanza katika habari hii.

Nyanya ziliwashtua majirani. Haukupita muda wanawake kumi na mmoja wa mtaani wakawa wanakuja kila Jumamosi na madumu yao, kuchukua mbolea na kujifunza, na wakaanza kumwita mke wa Fundi Mwalimu. Alikuwa ameachia shule darasa la nne, akimlea mdogo wake. Mara ya kwanza walipomwita hivyo alicheka na kufunika mdomo kwa upande wa khanga. Mara ya kumi aliitika. Na sisi tumwite hivyo hivyo, maana wapo waliokuja kuacha.

Mwaka wa sita wa pipa, ng'ombe wao aliugua. Jina lake lilikuwa Bibi Harusi, kwa sababu alitembea polepole akisubiri watu wampishe. Kiwele kilivimba kikawa cha moto, maziwa yakatoka na mabonge. Jumapili Fundi akamwita daktari wa mifugo, naye akapiga sindano, akaacha nyingine na maagizo: maziwa yamwagwe siku saba. Fundi aliyamwaga kwa uaminifu wote, hata tone la chai hakubakiza. Jumatatu jioni, kama kawaida ya Jumatatu, alichota ndoo ya kinyesi na ndoo ya mkojo wa Bibi Harusi akajaza pipa jipya.

Mwalimu alikoroga. Jumatano alikoroga asubuhi, akaenda kumwangalia dada yake aliyekuwa hoi na malaria, akarudi jua halijazama, akakoroga jioni. Fundi siku hiyo alishinda sokoni na nyanya, akarudi taa zimeshawashwa, kwa hiyo alichokiona ni mke aliyevaa nguo za safari tu.

Alhamisi Mwalimu alimwambia, "Pipa halijapanda."

"Ongeza kukoroga," alijibu Fundi, bila kuinua macho kwenye sahani.

Jumamosi wanawake walikuja na madumu. Fundi alipenda kuliondoa gunia yeye mwenyewe, kama mtu anayefunua keki. Siku hiyo alilifunua na hapakuwa na povu hata la kuhesabia. Maji meusi yametulia, na harufu iliyotoka ilikuwa ya panya aliyefia ukutani. Wanawake walirudi nyuma, mmoja akatema mate pembeni.

Hapo Fundi angeweza kukaa kimya. Angeweza kusema "tutaangalia". Lakini alikuwa ameaibika, na mtu aliyeaibika hutafuta haraka wa kumgawia aibu yake.

"Hili pipa halikukorogwa," alisema. "Mkorogaji alikuwa safarini."

"Nimekoroga," alisema Mwalimu. "Asubuhi na jioni, siku zote tano."

"Mama, povu halisemi uongo."

Jirani mmoja, fundi cherehani, alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha kupoza mambo, hakuwa na ubaya, lakini kilitosha. Mwalimu aliuchukua mwiko, akausuuza, akauegemeza ukutani. Kisha akaingia ndani kuwapikia wageni chai, kwa sababu wageni ni wageni.

Tangu siku hiyo hakuugusa tena.

Mengine yote aliendelea nayo. Alilima, alipalilia, alifua mashati ya Fundi na kumwuliza habari za soko. Walicheka pamoja, walikwenda misibani na arusini pamoja. Ila saa ya kukoroga ikifika aliingia chumbani na kufunga dirisha linalotazama pipa. Wiki ya kwanza Fundi alidhani amenuna. Mwezi wa kwanza alimwambia, "Mama, yale yamekwisha," na mkewe akajibu, "Sawa," dirisha likafungwa jioni hiyo kama jana yake. Kikundi kilipungua. Wanawake walikuja Jumamosi kadhaa, wakamkuta Fundi akieleza vipimo kwa desimali, wakaacha kuja. Hakuna aliyemwita Mwalimu tena, kwa kuwa hapakuwa na anachofundisha. Fundi akawa anakoroga mwenyewe, pipa baada ya pipa, na yalipanda vizuri tu, jambo ambalo aliliona kuwa ushahidi zaidi.

Miaka tisa ilikwenda hivyo. Inakwenda kwa urahisi, ukiwa si wewe unayefunga dirisha.

Bibi Harusi alizeeka akafa, binti yake akashika nafasi. Huyu walimwita Mwali. Mwaka huu Mwali alikanyaga kipande cha bati, mguu ukaoza, na daktari akaja kumpiga sindano. Hakuwa yule wa zamani, maana amestaafu. Alikuwa binti yake, mwenye buti na mkoba wa baba yake. Siku mbili baadaye Fundi akajaza pipa, akalikoroga kwa mkono wake, mia asubuhi na mia jioni, hata siku moja hakuruka.

Siku ya tatu hapakuwa na povu. Siku ya nne maji yalitulia, meusi. Siku ya tano alilifunua gunia na harufu ya panya ikampiga usoni, akaijua.

Alifanya alichokijua. Alilifungua jambo lile kama saa. Alionja sukari guru, akanusa unga, akapeleka udongo kwenye mwanga na kuutazama kwa kioo chake cha zamani. Vyote vilikuwa vizima. Mkorogaji hakuwa safarini, maana mkorogaji alikuwa yeye. Alikuwa amechuchumaa pale na kioo jichoni, unga kwenye ncha ya pua, daktari alipoingia uani kuja kumsafisha Mwali kidonda.

"Baba, mkojo umeutoa wapi?" aliuliza daktari baada ya kunusa mara moja.

"Kwa nani mwingine? Kwa Mwali."

"Huku anapigwa sindano hizi? Baba, hii mbolea inatengenezwa na wadudu wadogo wasioonekana, wao ndio wanaochachusha. Dawa inayoua wadudu kwenye kidonda inatoka na mkojo, inawaua na wa kwenye pipa. Maziwa si mnamwaga? Basi na mkojo ni hivyo hivyo."

Fundi aliuliza polepole, "Na dawa ya kiwele?"

"Hiyo ndiyo kabisa."

Daktari aliendelea na kidonda. Fundi alibaki amesimama na kioo mkononi. Aliiona Jumapili ile, na Jumatatu ile, na ndoo mbili mikononi mwake mwenyewe. Alimwaga maziwa siku saba kwa uangalifu wa kusifiwa, na mkojo akautia kwenye pipa. Kisha akasimama mbele ya watu kumi na mmoja na kumwita mkewe mwongo. Alitamani mtu aje amwambie kosa lilikuwa dogo, na hapakuwa na mtu.

Mkewe alikuwa barazani, ungo mapajani, akichagua maharage. Fundi alivua kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye baraza lake mwenyewe.

"Mama, nina neno."

"Sema, baba."

Alimweleza yote kwa mpangilio, sindano, mkojo, wadudu, kama anayepanga vipuri kwenye kitambaa. Akamaliza, "Lile pipa la mwaka ule. Hukukosea wewe. Nilikosea mimi."

Mwalimu alitoa jiwe kwenye maharage akalitupa uani. "Najua."

"Umejua lini?"

"Jumatatu iliyofuata baada ya Jumamosi ile. Daktari alipokuja kukagua kiwele nilimwuliza, akaniambia."

"Jumatatu ile ile?"

"Ile ile."

Fundi alikaa chini, kwenye ngazi. "Sasa kwa nini hukuniambia, mama? Miaka tisa yote hii?"

"Nilikuambia. Nilikuambia nimekoroga."

"Ungenieleza habari ya sindano ningeelewa."

"Ungeelewa, ndiyo. Ungemwita daktari, ungemwuliza, ungeandika na kwenye daftari lako." Alipepeta ungo kidogo, makapi yakaruka. "Sikutaka umwamini daktari."

Kuku alipita kati yao, akaokota alichookota. Fundi alisema atawaita wanawake wote wa kikundi, Jumamosi hii hii, asimame palepale kwenye pipa na kusema mbele yao kama alivyosema siku ile.

"Utamwita nani?" aliuliza mkewe, bila ukali. "Mwenye vitunguu tulimzika. Mama wa duka amehamia kwa mwanawe. Wale ndugu wawili waliuza shamba. Yule wa cherehani yupo, lakini mwulize, hakumbuki hata kama alicheka. Tunaokumbuka ni wewe na mimi."

"Basi nisamehe wewe."

"Nimekusamehe zamani, Fundi. Ningeishije nyumba moja na wewe?" Aliacha kuchagua, na kwa mara ya kwanza alimtazama. "Ila miaka tisa nilingoja uniamini mimi. Leo umekuja kwa sababu umemwamini ng'ombe."

Aliinuka na ungo wake akaingia jikoni. Fundi alivaa kofia yake, akaenda kwenye pipa.

Alilimwaga lile pipa mbali na mboga, akalisugua. Alingoja Mwali amalize sindano, akangoja na siku nyingine kumi juu yake, ndipo akajaza upya. Kabla ya kukoroga aliusuuza mwiko na kuuegemeza ukutani pale pale ulipoachwa mwaka ule, akaenda kupalilia bamia kwa muda mrefu kuliko bamia zilivyohitaji. Aliporudi mwiko ulikuwa pale pale. Akauchukua, akakoroga mwenyewe. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Siku ya tatu asubuhi alilifunua gunia na povu lilikuwa limepanda mpaka mdomoni, jeupe, zito, zuri kuliko alilowahi kuliona. Aligeuka kumwita mkewe aje alione, jina la Mwalimu liko ulimini, kisha akafunga mdomo. Mkewe hakuwahi kulihitaji hilo povu limsemee. Alilirudisha gunia, akanawa mikono, akaingia ndani.

Alimkuta anatandika kitanda. Akamwuliza kama amelala vizuri.

"Nimelala vizuri," alisema.

"Haya," alisema Fundi, na akalichukua neno hilo kama lilivyo.