Shamba la Mzee Zenon Kwenye Orodha

Albina alipokwenda chuo kikuu kusomea uchumi, kijiji kizima cha Mpui kilishampangia kazi: meneja wa benki. Baba yake, mzee Zenon, hata koti la kumsindikizia siku ya kwanza kazini alishanunua. Masikini, benki hazikupiga simu. Wenzake wa chuo walitawanyika: mmoja mambo ya kodi, mwingine anauza bima, wa tatu anafundisha hesabu sekondari. Albina alizunguka Sumbawanga na bahasha ya vyeti mpaka mradi mmoja wa kilimo ukamchukua kwa mkataba wa miezi sita, ofisi mtaa wa Izia, mjini.

Kazi ilikuwa ya kukaa kitini. Alitazama picha za mashamba zilizopigwa kutoka angani mwezi wa saba, kila kipande na namba yake tu, akaandika kinalimwa au hakilimwi. Visivyolimwa angepewa mwekezaji wa alizeti. Alikwenda mbio, bosi akamsifu, na binti wa watu akavimba kichwa.

Jumamosi moja akaenda kwao na mikate miwili. Kwenye ubao wa ofisi ya kijiji watu walikuwa wamesongamana. Orodha aliitambua mara moja, ni yake, ila sasa kijiji kimejazia majina. Mstari wa nne: Zenon, ekari sita, haitumiki. Pingamizi mwisho Jumatatu.

Alikimbia hadi shambani. Yalikuwepo, matuta ya duara kwa mamia, nyasi zimefukiwa ndani tangu Machi zioze, yakisubiri mvua yasambazwe upandwe ulezi. Mfipa gani asiyejua intumba, matuta hayo? Yeye mwenyewe aliyalima tangu darasa la pili, na ada yake ilitoka humo. Lakini pichani aliona vidoadoa kwenye udongo mtupu, basi, akaandika hakilimwi. Aliona aibu.

Mzee Zenon alikuwa amekaa juu ya tuta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karatasi umeiona? Tuandikie barua, mama, wewe ndiye msomi wetu. Aliyeandika vile hajawahi kushika jembe."



"Ameshika, baba. Ulimpa wewe."

Mzee akamkodolea macho. Albina akapiga magoti, akatoa kalamu, akaanza barua kwa kuandika jina lake mwenyewe, kuwa ndiye aliyekosea.