Filamu ya Jirani

Juzi saluni, msusi alipofungua chupa ya dawa ya nywele, harufu ilinirudisha nyumbani kwetu Chanji, kwenye jiko la uani ambako mama alikuwa akisafisha filamu za picha za rangi.

Dawa ya kusafishia ilipatikana kwa shida, hivyo hakuimwaga. Baada ya kila filamu aliirudisha kwenye chupa ya plastiki, akaiminya hewa itoke, akachora juu yake mstari mmoja kwa kalamu. Ikifika mistari minane, alisema, imechoka.

Siku hiyo jirani yetu alileta filamu. Mwanawe alikuwa amezikwa wiki ile, na picha zake zote zilikuwa humo. Mimi ndiye niliyetoa chupa kabatini. Ilikuwa na mistari kumi na miwili, na dawa ilikuwa nyeusi kama kahawa.

"Mama, hii si imeshachoka?"

"Itaweza hii moja. Lete."

Filamu ilitoka tupu, rangi ya chungwa mwanzo hadi mwisho. Mama aliinyoosha dirishani. Kisha akatoka nje, jirani alikokuwa akisubiri amejifunga kitenge mabegani kwa baridi.

"Mdogo wangu, filamu haikuzunguka kwenye kamera. Haikufungwa vizuri."

Niliganda mlangoni. Sikuwahi kumsikia mama akidanganya.

Jirani alijishika kichwa. "Niliifunga mwenyewe," alisema. Hakulia. Aliushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili, akapiga goti.

"Nisamehe, dada. Nimekuharibia dawa yako bure."