Nguo Isiyovuka Mto

Siku ya kikao cha kuachana kwao, mdogo wangu na mke wake waligawana vyungu, viti, mbuzi na mabati ya jikoni, na mpaka hapo sikusema kitu, maana watu wakiachana vitu lazima viende mahali. Kisha mdogo wangu, baba wa watoto, akainua kidole akasema: "Na nguo ya watoto yenye nilinunua miye, haitavuka mto." Mke wake, aliyekuwa ameegemea ukuta tangu asubuhi, akajibu hapohapo: "Sawa. Na yenye nilinunua miye, haitalala kwako." Wazee wakaitikia kwa vichwa, wakasema hiyo ni haki, kila mmoja na chake. Nimeona mengi yakiitwa haki hapa Kindu, lakini lile lilinishinda.

Mto ni Lualaba. Mdogo wangu alibaki kwenye nyumba yao ya Kasuku, na mama wa watoto akarudi kwa ndugu zake Alunguli, ng'ambo. Watoto wao wakubwa walishaoa na kuolewa. Waliobaki kupelekwa huku na kule walikuwa wawili wa mwisho, msichana wa miaka kumi na mdogo wake wa kiume wa miaka saba. Ijumaa wavuke kwenda kwa mama, Jumapili warudi kwa baba. Na kwa kuwa mimi ni shangazi yao, na nyumba yangu iko karibu na bichi, pale mitumbwi inapopakia watu, kazi ya kuwavusha na mizigo yao ikaniangukia mimi. Hakuna aliyeniuliza. Shangazi haulizwi, anaambiwa.

Basi nyumba yangu ikageuka mahali pa kuvulia. Nilitundika magunia mawili matupu ya mchele chumbani, moja la baba, jingine la mama. Ijumaa watoto walifika wamevaa vya baba, wakavivua, wakavitia kwenye gunia lake, wakavaa vya mama, ndipo tukashuka mtoni. Jumapili tukafanya hivyohivyo kinyume chake. Viatu vilibadilishwa. Kibanio cha nywele cha msichana kilibadilishwa. Kuna siku yule mdogo alivuka na gari lake la makopo ya sardini, akaanza kulia katikati ya mto akitaka tulirudishe, kwa sababu alikuwa amekumbuka kwamba misumari ya magurudumu ilitoka kwa baba. Misumari. Nilitukana peke yangu mpaka mwanamke aliyekaa mbele yangu kwenye mtumbwi akageuka kunitazama.

Watu wa bichi walijua, na watu wa bichi hawana huruma wakipata la kuchekea. Mpiga kasia mmoja, mtu mzima wa rika langu, alikuwa akinisubiri kila Ijumaa na swali lilelile: "Mama, leo watoto wamevaa serikali gani?" Wenzake wanakufa kwa kucheka. Walicheka kwa sababu sote tunakumbuka wakati wa vita, mto huu ulipoukata mji vipande viwili, upande huu wenye bunduki hawa, upande ule wenye bunduki wale, na ukivuka na furushi la nguo unaulizwa unampelekea nani. Watu walipigwa kwa sababu ya furushi. Sasa vita iliisha, mitumbwi inavuka bila kuulizwa na mtu, na ndugu yangu wa tumbo moja ameweka kizuizi chake mwenyewe, akakiweka mwilini mwa watoto.

Msichana ndiye aliyeanza kunitia hofu. Nilimletea kitambaa cha kichwa kutoka sokoni, cha manjano, kizuri, nikamfunga mwenyewe. Badala ya kusema asante aliniuliza: "Shangazi, hii iko ya upande gani?" Nikamwambia ni yangu mimi, ya upande wa shangazi. Akakifungua taratibu, akanirudishia, akasema basi kikae hapa. Baadaye akaanza kuvaa sare ya shule hata Jumapili. Nikamuuliza kwa nini, na nguo anazo. Akasema: "Hii hakuna mutu anaiuliza."

Hapo ndipo nilipoelewa kinachoharibika. Mashati yananunulika. Lakini watoto hawa walikuwa wakianza kuamini kwamba kinachopokelewa mlangoni ni nguo, na wao wenyewe ni kamba tu ya kuianikia. Mtoto akishaamini hivyo, utamtoa nini kichwani? Nilimwambia mdogo wangu. Akaniambia hatalisha macho ya bwana mpya wa yule mwanamke kwa jasho lake, kana kwamba huko Alunguli kuna mwanamume anayeweza kuvaa shati la mtoto wa miaka saba. Na huko Alunguli kwenyewe bwana hakuwepo. Kulikuwa na mama mzee wa wifi yangu, na kuku.

Jumapili moja nilikuwa Mikelenge, msibani. Nilikuwa nimemwomba mama yao awazuie mpaka jioni, lakini mvua ilikuwa ikija, naye akaona heri wavuke mapema. Wakafika kwangu wakakuta mlango umefungwa. Wakasimama chini ya bati, mvua ikawapiga ubavuni, kisha msichana akaamua, kama mtoto yeyote mwenye akili angeamua, waende moja kwa moja nyumbani kwa baba yao.

Haya yaliyofuata niliambiwa na msichana mwenyewe, akikaza macho chini. Baba yao alikuwa barazani na wageni. Alitazama shati la yule mdogo, lililokuwa limelowa na kumng'ang'ania, akauliza: "Hii ilitoka wapi?" Mtoto akasema ilitoka kwa mama. Baba akasema: "Vua. Na viatu pia." Mtoto akavua hapohapo kizingitini, mbele ya watu wazima waliokuwa na vikombe mikononi, na vitu vyake vikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, vikaning'inizwa nje kwenye kitasa. Wageni wakaendelea na chai yao. Msichana akauliza: "Na miye?" Baba akawageukia wageni. Msichana akaenda kujificha jikoni kwa jirani mpaka gauni likamkaukia mwilini.

Nimekuwa na hasira nyingi maishani, ila ile ilikuwa na sura yake. Usiku ule nilikaa kitandani nikimkumbuka mdogo wangu huyohuyo kwenye pori la upande wa Lokandu, mwaka ule tulipokimbia mji. Tulikuwa mimi, yeye, mke wake aliyekuwa bado bibi arusi, na watu wengine wa mtaa wetu. Alitoka kutafuta mihogo, akakutana na watu wenye bunduki. Hawakumuua. Walimvua kila kitu, wakamwacha aende. Alirudi jioni, akasimama nyuma ya mchikichi, hakutaka kutokea, akawa anaita kwa sauti ya chini kama mgonjwa. Sisi ndugu zake hatukuwa na kitu cha kumpa. Mke wake alikuwa na vikwembe viwili, vile vitenge vya kujifunga, kimoja alichovaa na kimoja cha kujifunika usiku. Akachukua kile cha pili, akamwendea nyuma ya mti, akamfunga mwenyewe. Akamfunga vizuri, na fundo shingoni ili kisimwanguke akitembea.

Alikivaa kikwembe hicho muda wote tuliokaa porini, kikwembe cha mwanamke, cha maua mekundu. Na mke wake, kwa kuwa alibakiwa na kimoja, akitaka kukifua ilimbidi akianike kwenye kijiti na kukaa ndani ya kijito, maji yakimfika mabegani, mpaka kikauke. Mimi ndiye niliyemlindia njia. Meno yake yalikuwa yakigongana, na alikuwa akinichekesha. Sikuwahi kumsikia akimwambia mumewe kwamba kikwembe kile ni chake.

Asubuhi nilikwenda kwa mdogo wangu. Nilimkuta barazani na wenzake wawili, walewale wa siku ya mvua. Sikusalimia.

"Simama," nikamwambia.

"Yaya, dada yangu, kaa kwanza, unywe chai."

"Simama, wenzako wakuone. Huyu mutu mwenye kuvua mutoto shati mu mulango, mumuulize mu pori alivaa nini, na nani alimuvika."

Alijua mara moja. Nilimwona anavyojua, kikombe akakiweka chini. "Yaya," akasema polepole, "ile njo mambo ya vita."

"Ndiyo, ya vita. Vita ilikuvua, bibi akakuvika. Vita iliisha, sasa weye njo unamuvua mutoto wake."

Wenzake wakaanza kutafuta viatu vyao. Nikawaambia wakae, kwa kuwa siku ile nyingine walikuwa na nafasi ya kukaa. Nikamwambia kuanzia Ijumaa magunia hayapo nyumbani kwangu, watoto watavuka na kila kilicho chao katika furushi moja, na atawapokea kama walivyo au asiwapokee kabisa. Akasema sawa. Alisema sawa mara nyingi, kwa sauti ndogo, na kila moja iliniongezea hasira.

Nikashuka bichi, nikavuka Alunguli, maana sikutaka ng'ambo wajione malaika. "Wifi, yeye njo alianza," mama wa watoto akasema kabla sijakaa. Nikamwambia kweli alianza yeye, na wewe ukafuata, wewe uliyekaa majini kwa ajili yake, leo unaogopa gauni la mtoto lilale kwako. Akalia. Ninampenda kuliko ndugu zangu wengine, lakini sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira ya kuzitosha pande zote mbili.

Ijumaa hiyo nilimwaga magunia yote mawili juu ya mkeka. Nguo zilichanganyika, na msichana akawa anazitenga tena haraka haraka, hizi huku, hizi kule, mpaka nikamshika mikono. Tukafunga furushi moja, tukavuka. Mama yao aliwapokea, akala nao, akawalaza wakiwa na gauni na shati vilivyonunuliwa na baba yao. Yule mdogo alilala na viatu vyake miguuni. Mama yake alinieleza hilo Jumapili, hakujua alifanyie nini.

Jumapili hiyo niliwasindikiza mwenyewe mpaka Kasuku. Mdogo wangu alikuwa ametusubiri mlangoni. Alikuwa ameoga, amevaa shati safi, na kwa ndani kulinukia pondu ya majani ya muhogo na samaki. Alijitahidi, siwezi kumnyima hilo. Akafungua mlango wote. "Ingieni, watoto. Ingieni hivyo hivyo. Nguo njo nguo tu."

Msichana alinitazama mimi kwanza, akaingia akipitisha bega karibu na ukuta. Yule mdogo alikuwa ameshakaa kizingitini. Akavua kiatu cha kwanza, cha pili, akaviweka sambamba. Kisha akaanza shati, shati lile lile la siku ya mvua, ambalo kola yake inabana, na kichwa kikakwama ndani.

"Hapana, papa, mwanangu," baba yake akasema, "ingia hivyo hivyo. Sitaki uvue."

Mtoto akazidi kuvuta, kwa haraka zaidi, kama aliyeambiwa anachelewa. Kichwa kikatoka. Akalikunja shati juu ya goti, mikono ndani, vizuri kama nilivyomfundisha, akanipa. "Shangazi, weka."

Mdogo wangu akanigeukia nimsaidie. Sikumsaidia. Nikamkabidhi shati. "Mvike," nikamwambia.

Akapiga magoti mbele ya mwanawe, akalikunjua, akamtafutia kola. Mtoto hakulia, hakukimbia. Alikaza viwiko mbavuni, kwa nguvu zake zote za miaka saba, hata mkono mmoja usiingie.